Mwambie Mama Niko Njiani

Juni 11, Chicago

Nimeshuka kwenye basi saa moja asubuhi, shingo haigeuki. Tangu Pittsburgh nimekaa na mwanamume aliyekuwa anakula mayai ya kuchemsha kutoka kwenye mfuko wa plastiki, moja baada ya jingine, na kila akimenya moja ananikaribisha. Nimekataa yote. Mtu anayeweza kula mayai ya kuchemsha ndani ya basi lisilofunguka madirisha anaweza kufanya lolote.

Naandika haya ili nikija kuulizwa msimu huu wa joto nilikuwa wapi, niwe na jibu. Namtafuta mdogo wangu Lenny. Ana miaka hamsini na mbili, hana mke, hana nyumba, hana hata simu. Huu mwaka wa kumi na moja anaishi kwa kupanda mabasi kutoka mji hadi mji, begi mgongoni, analala hosteli pamoja na watoto wa watu. Kila Jumapili huazima simu ya mtu akapiga nyumbani McKeesport, na mpokeaji ni mimi. Neno lake ni lile lile: "Mwambie Mama niko njiani." Kisha anakata.

Mama ana miaka tisini na moja na akili imeanza kumtoka. Mimi ninayemlisha na kumwogesha ananiita "wewe". Lenny anamkumbuka vizuri sana. Asubuhi anauliza Lenny yuko wapi, mchana anauliza, na nikizima taa anauliza. Daktari ametuambia tusitegemee ataiona Krismasi. Binamu yetu Roxanne, mpishi wa shule, amekubali kukaa naye mpaka shule zifunguliwe mwisho wa Agosti. Nimemwahidi Mama kwamba kabla ya hapo Lenny atakuwa amesimama kando ya kitanda chake, hata ikibidi nimburute kwa sikio.

Simu yake ya mwisho ilitoka hapa, namba ni ya hosteli hii. Mapokezi kuna msichana mwenye pete puani.

"Kitambulisho, tafadhali. Wewe si mkazi wa hapa, sivyo?"

"Ningekuwa na kwangu hapa, ningekuja kulala kwenu nina wazimu?"

"Wapo wanaotaka, bibi. Wenyeji hatuwapokei. Ni wasafiri tu."

Kumbe hosteli karibu zote ziko hivyo. Unaweza kulala mji wowote nchi hii isipokuwa wako.

Nilipomtaja Lenny Hudak, uso ulimchangamka. "Lenny wa kabichi! Huyo ni mtu wetu. Ila umemkosa, ameondoka Jumatatu, wiki mbili zake zilikwisha." Mgeni haruhusiwi kupitisha wiki mbili, hata awe amependwa vipi. "Alisema anashuka Memphis. Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Hakuwahi kusema ana dada."

Nimepewa kitanda cha juu. Nina miaka hamsini na nane na magoti mabovu mawili, na nimepewa kitanda cha juu.

Juni 12

Chumba kina watu wanane na soksi za watu ishirini.

Juni 14, Memphis

Kwenye stendi za mabasi watu hawa hawapangi foleni, wanapanga mabegi. Kila mtu anaweka begi lake sakafuni mbele ya mlango wa basi lake, kisha anakwenda kukaa, kula, kugombana na mtu kwenye simu. Foleni ya mabegi inabaki pale yenyewe, ina adabu kuliko wenye nayo. Mlango ukifunguliwa na mwenye begi hayupo, aliye nyuma yake analisogeza mbele kwa mguu, na hakuna anayeliruka. Hawa hawa wasiosuuza kikombe walichonywea. Mimi nilisimama na begi langu mgongoni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mzee mmoja akaniambia, "Liweke chini, dada, nafasi yako haiendi popote." Nikamwambia mgongo ni wangu.

Lenny ameondoka hapa asubuhi ya leo. Leo hii. Wanakwaya kutoka Kansas wamekodi karibu hosteli nzima, kwa hiyo wageni wa muda mrefu wametolewa mapema. Amekwenda New Orleans. Basi la leo limejaa na la kesho limejaa.

Jikoni kila chakula kwenye friji kinabandikwa kipande cha teipu chenye jina la mwenyewe na siku yake ya kuondoka. Siku hiyo ikifika, chakula kinahamishiwa rafu ya bure na anayetaka anakula. Kwenye rafu hiyo, chini ya pakiti ya mkate mkavu, nikaona bakuli lenye mwandiko ninaoujua tangu alipokuwa darasa la kwanza: LENNY H., Juni 14. Kabichi ya kukaanga na tambi, siagi nyingi, pilipili manga nyingi, kama ya Mama.

Nilikula nimesimama, kwa hasira, nikamaliza. Imekolea kuliko ninayopika mimi, na hilo nalo limeniudhi.

Mbele yangu alikuwa amekaa Mholanzi mmoja anaitwa Femke. Miaka kama thelathini na tano, miguu mitupu, anakunywa chai iliyonuka nyasi zilizokatwa jana.

"Unasafiri peke yako, mama? Ni jambo zuri sana. Mimi mwaka wa pili huu. Najitafuta."

"Usiniite mama, sikukuzaa. Umejipoteza wapi?"

Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Nilikuwa namtukana.

Juni 15

Wanakwaya wanaimba bafuni, kwa sauti nne.

Juni 17, New Orleans

Basi liliharibika njiani tukakaa kando ya barabara saa nyingi katikati ya mashamba ya Mississippi. Dereva akasema tutulie. Tulitulia. Hapa joto ni la kuvaa, huwezi kulivua. Hosteli nilikoingia ni safi kiasi na mwenyewe ni mtu wa maana. Lenny hajafika, amesema, lakini wageni wengi hutangatanga mjini siku mbili tatu kwanza. Nitasubiri.

Femke naye yuko mji huu, tulikuwa basi moja. Amenisihi twende wote hosteli nyingine, mtaa wa tatu kutoka hapa, eti ina roho. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Ukutani wamechora nguva mwenye miwani, kibarazani kuna sinki la choo limepandwa maua, na mwanamume mzima amelala kwenye bembea akiwa amevaa gauni. Nikageuka. Nilimwambia Femke kwamba ndugu yangu amekosa mengi lakini hajafika huko.

Juni 19

Hajaja.

Juni 22

Jumapili. Nimempigia Roxanne.

"Lenny amepiga asubuhi," akasema. "Anasema umwambie... nimwambie Mama yuko njiani."

"Hukumuuliza yuko wapi?"

"Alishakata. Nilikuwa na uji jikoni, dada. Nimwambie kwamba unamtafuta akipiga tena?"

"Thubutu. Akijua atapanda basi la kwenda Alaska."

Mama nilimsikia kwa mbali. Alikuwa anauliza ni nani kwenye simu, kama ni Lenny. Roxanne akamwambia ni Bernadine. Mama akasema, "Aa," basi.

Juni 25

Vijana watatu kutoka Ohio, majirani kabisa, wamekaa sebuleni siku nzima wakibishana ni nani kati yao amesafiri kwa shida zaidi. Mmoja aliwahi kulala stendi ya Atlanta. Mwingine aliwahi kula maharage ya kopo bila kuyapasha moto. Anayesema hayo ana viatu vyenye bei ya jiko langu. Nimewaacha wakihurumiana.

Juni 29

Nina hasira, lakini nitaandika.

Asubuhi nilikuwa stendi kuulizia mabasi, nikamkuta Femke amekalia begi lake, bado pekupeku.

"Bernadine! Ulikuwa wapi wiki zote hizi? Tumekula vizuri kwetu, usiseme. Kulikuwa na mzee wa kwenu Pennsylvania, kila jioni anapika kabichi, nyumba nzima inakula."

Nikamuuliza mzee huyo anaitwaje, ingawa nilishajua.

"Lenny. Alilala kwenye bembea, kitanda hakupenda."

Alikuwa yule wa gauni. Nilimwangalia ndugu yangu wa tumbo moja kutoka upande wa pili wa barabara, nikamdharau, nikaondoka. Siku kumi na mbili nimekaa mtaa wa tatu kutoka kwake nikisubiri aje kwenye hosteli safi. Ameondoka jana kwenda Texas.

Nikamwambia Femke mimi ni nani. Hakucheka safari hii. Akaanza kunifuta jasho usoni kwa skafu yake, na sikuwa na nguvu ya kumzuia.

"Aliniambia gauni ni la nini," akasema. "Suruali zake zote mbili zilikuwa kwenye mashine ya kufua."

"Haijalishi."

"Sikiliza, usimkimbize. Hawa watu wa muda mrefu wanazunguka, nawajua. Wiki mbili hapa, wiki mbili pale, mwisho wanarudi walikoanzia. Lenny joto la Agosti haliwezi. Agosti hurudi Chicago, alinieleza mwenyewe, vitu vyake ameviacha huko. Kaa Chicago umngoje. Kwani una haraka gani?"

Haraka gani. Nikamweleza kuhusu Mama, pale pale, kwa sauti, watu wanasikiliza. Sikumbuki lini nilieleza mtu.

Julai 2, Chicago

Nimerudi. Msimamizi anaitwa Curtis, mtu mnene mpole mwenye ndevu zilizosukwa. Nikamwambia nataka kukaa mpaka Agosti. Akasema sheria ni wiki mbili, isipokuwa kwa anayefanya kazi: unatandika vitanda asubuhi, unapata kitanda bure.

"Unaweza kutandika, bibi?"

"Nimetandika kitanda cha mgonjwa akiwa bado amelala ndani yake. Nionyeshe shuka."

Vitu vya Lenny viko chini ya meza ya jikoni, ndani ya boksi. Shati la sufu, redio mbovu, na kikaango cha chuma cha Mama. Kile chenye mpini uliopigwa nati kwa sababu baba alikiangusha. Kilipotea nyumbani miaka kumi na moja iliyopita na mimi nilimshtaki Roxanne kwa wizi mbele ya ukoo mzima, siku ya Pasaka. Alilia. Sijapata kumwomba radhi kwa sababu sijapata kuamini kwamba hakuiba.

Nimempigia Roxanne nikamwambia kikaango kimeonekana. Akanijibu kwamba Mama amekula vizuri leo.

Julai 5

Nimekuta chini ya mto wa mtu nusu ya pizza, imefungwa vizuri kwenye soksi.

Julai 9

Nikiona shuka najua mtu. Waingereza wanaacha mchanga, sijui wanautoa wapi. Wajapani wanakunja kila kitu unaona haya kukifunua. Watu wa kwetu wanaacha makombo na kuomba radhi. Mimi naendelea kuwadharau wote, lakini sasa nawadharau mmoja mmoja.

Julai 13

Jumapili. Lenny amepiga nyumbani, amesema neno lake. Roxanne amenipigia kunipa habari. Mama anauliza Lenny, hajauliza mwingine.

Julai 20

Nimelala mpaka jua likanifika usoni. Kwa miaka sijui mingapi nimelala sikio moja likiwa wazi kwa kikohozi cha chumba cha pili. Humu wanakoroma saba, mmoja anaongea ndotoni Kifaransa, na mimi nimelala kama nimepigwa. Sijui nani wa kumlaumu.

Julai 24

Wananiita Bernadine wa Shuka. Nimewakataza. Wameendelea.

Julai 27

Femke amefika kutoka Denver. Curtis amempa kazi ya kuosha bafu, kwa hiyo wiki mbili hazimhusu. Nilipomwona nilisema, "Bado hujanunua viatu," naye akanikumbatia. Jioni akanipeleka ziwani na Wakorea wawili na mzee mmoja wa Montana, mfanyakazi mwenzetu, anayechonga ndege wa mbao. Nilikaa kwenye nyasi. Mzee akaniuliza natoka wapi, nikajibu. Akaniuliza naelekea wapi baada ya hapa. Nikafungua mdomo kusema nyumbani, nikasikia nasema, "Bado sijajua." Upuuzi mtupu, maneno ya Femke yale. Yananata kama mafua.

Mpaka tunarudi sikukumbuka kwamba leo ni Jumapili. Sikupiga simu.

Agosti 3

Nimepiga. Roxanne ana sauti ya mtu aliyechoka. Kazini wanamtaka Jumatatu ya tarehe 25, bila kukosa. Mama ameanguka karibu na kitanda, hakuvunjika. "Anasema Lenny angekuwepo asingeanguka," Roxanne akanieleza. "Usichukie, dada. Si yeye."

Ni yeye. Alikuwa hivyo hivyo akiwa na akili zake zote.

Agosti 10

Lenny hajaja. Ikifika tarehe 22 hajaja narudi mikono mitupu.

Agosti 14

Mvua. Shuka hazikauki.

Agosti 19

Amekuja.

Nilikuwa kwenye sinki naosha masufuria ya watu. Nikasikia mtu nyuma yangu anaburuta boksi kutoka chini ya meza, akapekua, akasema, "Curtis, nani amechukua kikaango changu?"

"Kikaango cha nani?" nikasema, bila kugeuka. Nilikuwa nacho mkononi.

Nikageuka. Nywele zimekwisha kabisa. Amekonda, amechomwa na jua, na amepata uso wa baba, jambo ambalo hakuna mtu aliyenionya. Amevaa suruali, nashukuru.

"Dada," akasema.

"Nilimwita Roxanne mwizi siku ya Pasaka kwa ajili ya kikaango hiki."

"Pole."

"Usinipe pole mimi."

Akakaa. Hakukimbia; nilikuwa nimesimama kati yake na mlango, lakini hakuuangalia hata mlango. Aliomba kisu, akatoa kabichi kwenye begi lake, akaanza kukata, kama si mtu ambaye hajaonana na dada yake tangu wote wakiwa na nywele nyeusi.

"Mama anakufa, Lenny."

"Najua anaumwa."

"Hujui. Unapiga simu tu. Anakuuliza asubuhi, mchana, usiku. Mimi haniulizi, mimi nipo. Kwa nini hurudi?"

Alifikiri kidogo, kwa hilo nitamsifu.

"Huku kila ninapofika wananiuliza natoka wapi na ninakwenda wapi. Maswali mazuri hayo. Nikirudi nyumbani mtaniuliza nilikuwa wapi."

"Tuna haki ya kuuliza."

"Mnayo. Ndiyo maana sirudi."

Nikamweleza basi. Sikupandisha sauti. Nilimhesabia Mama alipovunjika nyonga, Mama alipokataa kula isipokuwa kwa kijiko cha Lenny cha utotoni, kazi yangu ya duka la dawa niliyoiacha, mchumba wangu Stan niliyemwambia asubiri mpaka akaacha kusubiri. Mzee wa Montana akaweka chini ndege wake. Lenny alikuwa anaendelea kukata, polepole.

"Nani alikuzuia kuondoka?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua.

"Tungeondoka wote, nani angebaki naye?"

"Ndiyo hivyo," akasema. "Mimi nilikuwahi tu, dada. Ungeniwahi wewe, ningebaki mimi."

Nimemchukia Lenny kwa mambo mengi, nimeyabeba yote. Hili sikuwa nalo. Mtu amekaa anapika kabichi na kukuambia maisha yako yote yalikuwa nani atangulie kutoka mlangoni, na amesema kama anaelezea zamu ya kuosha vyombo. Nilitaka kumpiga na kikaango. Nilikiweka juu ya moto kwa sababu siagi ilikuwa tayari.

Tulikula watu kumi na wanne. Baada ya kula akasema, "Nitakuja. Kwani nimekataa? Ijumaa tutapanda."

Amekubali upesi mno. Nimechukua viatu vyake nikavifungia kwenye kabati langu kwa kufuli.

Agosti 20

Ametembea pekupeku siku nzima na Femke. Wanacheka. Viatu sitoi.

Agosti 21

Nimekata tiketi mbili za kesho jioni, yake na yangu. Nimechemsha mayai ya njiani. Femke akaniuliza kama nitarudi siku moja. Nikamwambia akili zangu bado timamu.

Curtis amenishukuru kwa shuka. Amesema mtu wa kuchukua nafasi yangu hajapata.

Agosti 22

Nitaandika lilivyokuwa. Naapa nilitoka hosteli nikiwa na nia ya kwenda nyumbani.

Stendi ilijaa. Lenny akaweka begi lake kwenye foleni ya mabegi, la kumi hivi, akaniambia niweke langu. Nikaliweka nyuma ya lake. Mara ya kwanza msimu mzima. Yeye akakaa kwenye kiti akafumba macho. Mimi nilibaki nimesimama kando ya mabegi yote mawili nikimlinda kama askari, kwa sababu namjua, na kwa sababu choo cha stendi ile kina mlango wa pili.

Hakwenda chooni. Hakwenda popote. Basi likaitwa, akasimama, akaja, akasimama penye begi lake kama mtu mwingine yeyote. Foleni ikaanza kusogea. Nikajiona naingia chumba cha Mama, Lenny mbele yangu. Namwona Mama anamshika uso kwa mikono miwili. Kisha wiki moja inapita, mbili, maana wiki mbili ndio uwezo wake, na asubuhi moja naamka nakuta Lenny hayupo na Mama anauliza. Niliona hayo wazi kabisa. Angeniwahi tena.

"Tangulia," nikamwambia. "Kamata kiti cha dirishani. Shika na mayai."

"Tiketi yako unayo?"

"Ninayo. Panda, unazuia watu."

Akampa dereva tiketi, akapanda. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alilisogeza begi langu mbele kwa mguu, kwa ustaarabu wao ule. Nikainama nikaliokota.

"Nafasi yako hiyo, dada," akasema.

"Ichukue."

Nikatoka kwenye foleni nikasimama penye ukuta. Lenny alikuwa ameshakaa. Alinitafuta ndani ya basi kwanza, akageuka nyuma, akageuka mbele, ndipo akaangalia nje. Aliona begi liko mgongoni mwangu. Mlango ulikuwa bado wazi, watu wanne walikuwa hawajapanda, na alikuwa na muda wa kutosha wa kushuka. Akaweka kiganja kwenye kioo. Hakushuka. Kwa hilo pia namsifu, yatakuwa mawili.

Nimezima simu. Nimetembea mpaka hosteli kwa miguu. Msichana wa mapokezi akaniomba kitambulisho ingawa ananijua, akasoma McKeesport, Pennsylvania, akanipa ufunguo. Kitanda cha juu.

Agosti 23

Nimetandika vitanda. Sikula. Mimi ni mtu gani.

Agosti 25

Leo Roxanne amerudi kazini. Vidonge vya asubuhi viko kabati la kushoto, vya jioni kabati la kulia. Sikumwambia Lenny. Ana macho, ataona.

Agosti 28

Femke ameondoka kwenda Minneapolis. Ameniachia chai yake. Inanuka vile vile. Nimekunywa.

Agosti 31

Jumapili. Nikiwasha simu yangu najua nitakuta nini ndani, kwa hiyo nimeazima ya mzee wa Montana. Lenny alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Ni wewe," akasema.

"Amekuonaje?"

"Alinijua hapo hapo. Alinishika uso, akalia, akanipapasa kichwa akauliza nywele nimempa nani. Siku nzima hakuniachia mkono. Alifurahi, dada. Sijaona mtu amefurahi vile."

"Basi. Nimetimiza."

"Subiri." Alikuwa amechoka, sauti ilikuwa inakwaruza. Nyuma yake nikasikia kile kikohozi. "Jumatatu Roxanne alipoondoka, Mama akaangalia mlangoni akasema, Bernadine yuko wapi? Kwa jina lako kabisa. Nikadhani limempita tu. Jana ameuliza asubuhi, ameuliza mchana, nikizima taa anauliza. Nikimlisha anasema Bernadine ndiye anayejua uji wake. Mimi sasa ananiita 'wewe'."

Nilikuwa nimesimama jikoni. Watu walikuwa wanabishana kuhusu zamu ya vyombo, na sufuria langu la supu lilikuwa mezani, limebandikwa teipu yenye jina langu na siku ya kuondoka.

"Dada, upo? Yuko macho, anasikiliza. Nimwambie nini?"

Nikasema, "Mwambie Mama niko njiani."

Kisha nikakata, nikamrudishia mzee simu yake.